Dua ya Mia

Mie sikusomea gofu, nimesomea mizani. Kwa miaka 31 nilisimama kwenye vituo vya kununulia karafuu hapa Pemba, nikipima magunia, nikitia mkono ndani kuona kama zimekauka, nikimwambia mtu mzima mbele ya wanawe kwamba karafuu zake zina makonyo mengi. Nimestaafu na maadui wa kunitosha. Nilichokitaka baada ya hapo kilikuwa kidogo sana: kikombe cha kahawa, pahala pangu pa kuegemea pale barzani Chake Chake, na mabishano ya Simba na Yanga hadi adhana ya magharibi. Leo hii mie ndiye mtaalamu wa gofu wa kisiwa kizima. Pemba haina hata uwanja mmoja wa gofu, na mchezo wenyewe nimeuona kwenye kioo cha simu tu, mtu anapiga, kipira kinapotea, nami nabaki kuangalia mbingu za watu. Lakini mtu akitaka kujua kwa nini mashimo ni 18 na si 20, huletwa kwangu, hata kama nimelala.

Jawabu nakupa hapa hapa ili na wewe usije kunigongea mlango. Waskochi wa St Andrews walikuwa na mashimo 22 kwa mzunguko. Mwaka 1764 wakaunganisha baadhi, yakabaki 18, na dunia ikawafuata. Basi. Hakuna hikima nyengine ndani yake.

Chanzo cha balaa hili ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Baba yake, Mungu amrehemu, alipofariki, kijana alichukuliwa na ami yake, mtu wa jeshi, akenda kusoma Dar es Salaam. Nyumba ya ami iko jirani na Lugalo, na Lugalo kuna uwanja wa gofu wa jeshi, mashimo 18 kamili. Watoto wa mtaani huingia pale kubeba mikoba ya wakubwa wapate nauli na chapati, na wakubwa wakenda kunywa soda, watoto hushika fimbo. Sisi huku tukijua mtoto yuko skuli. Siku moja ami akatuma picha: kijana kashika kikombe kinachong'aa. Dada yangu akauliza cha nini. Cha gofu. Akauliza tena, cha nini?

Wazee wa barza walikuwa na habari kidogo. Mmoja alikulia Unguja, akasema zamani Waingereza wakicheza gofu pale Mnazi Mmoja, na Waswahili kazi yao ilikuwa kuokota vipira. Akaongeza kwamba siku hizi Unguja kuna uwanja wa mashimo tisa, uko hotelini, na wanaoingia ni wageni. Kwa hivyo fikra ya barza ikawa kwamba mtoto wetu ameajiriwa kuokota. Hatukuona vibaya. Kazi ni kazi.

Kisha ikaja barua ya chuo cha Marekani.

Ilipokuja tulisherehekea kabla ya kuisoma. Niliyeisoma ni mie, kwa maradhi ya kazi, maana mtu wa mizani haamini gunia mpaka alifungue. Barua ilisema ufadhili. Haikusema wote. Nikampigia kijana, naye akanieleza kwamba chama cha michezo ya vyuo vyao, NCAA, kiliziwekea mpaka timu za gofu za wanaume za daraja la kwanza: kila timu ufadhili 4.5. Wanne na nusu, yakhe! Wanawake walipewa 6, namba kamili, haina nusu. Pale pale nilijuta kwamba hatukumpeleka Lugalo dada yake. Si yupo Madina Iddi, binti wa Arusha, anakwenda nchi za watu na kurudi na vikombe vya gofu?

Katika maisha yangu nimepima nusu gunia na nusu pishi. Nusu mwanafunzi sijapata kumpima. Kocha alizichukua hizo nne na nusu akazikata kama mkate wa kumimina, akawagawia vijana wanane au tisa, huyu pande kubwa, yule ukingo ulioungua. Mpwa wangu akaangukiwa na nusu. Nikauliza nyumbani, mbele ya watu wote: na nusu ya pili nani? Dada yangu hakusema kitu. Aliniangalia tu, kama mtu anavyouangalia mkarafuu uliozaa.

Basi karafuu za msimu ule sikuziona zilikopita. Kulikuwa na ada ya kumwandikisha mwanafunzi mgeni kwenye daftari la serikali yao, dola 350. Kulikuwa na ada ya kuomba viza ubalozini Dar, dola 185, na hiyo ukikataliwa hairudi, sawa na mahari ya mke aliyekimbia. Kulikuwa na tiketi. Kulikuwa na koti. Kulikuwa na mzigo wa fimbo, ambao ndege huutoza kama mtu. Sheria ya gofu inaruhusu mchezaji fimbo 14, na kijana alikuwa nazo zote 14. Maalim wangu wa chuo cha Kurani alikuwa na bakora moja tu maisha yake yote, na hakupata kukosa shabaha.

Agosti 2023 tulimsindikiza bandarini Mkoani. Mpakizi akaupapasa ule mkoba mrefu, akasikia vyuma, akaniuliza: "Mishipi ya kuvulia?" Nikamjibu ndiyo. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika gofu. Ungekuwa wa mwisho, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Kijana akafika, kwenye jimbo la katikati ya Marekani ambako ukisimama juu ya dari unaona mahindi mpaka mwisho wa dunia. Na hapo ndipo mwaka wangu wa kwanza wa chuo ulipoanza. Nasema wangu. Dada yangu hana simu ya kisasa, kwa hivyo sauti zote zinakuja kwangu. Mtoto akimaliza kula chakula chake cha usiku saa mbili, hapa ni saa kumi za alfajiri, na ndiyo saa anayokumbuka kwao. Simu inalia, mie naruka nikidhani kuna maiti. "Shikamoo mjomba, leo upepo ulikuwa mkali." Kwa hilo umeniamsha, mwanangu? Novemba Wamarekani wakarudisha saa zao nyuma, karibu nchi nzima kwa usiku mmoja, na simu ikawa inalia saa kumi na moja. Ndiyo faida pekee niliyoiona katika ule ufadhili.

Wao wenyewe huamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri wakanyanyue vyuma. Nilimuuliza: gofu si ni kutembea kwenye majani? Akanambia kocha anataka miguu yenye nguvu. Saa mbili darasani, anasomea uhasibu. Mchana uwanjani. Usiku maktaba. Na katika vijana wanane, wanaosafiri kwenye mashindano ni watano, kwa hivyo kila wiki hushindana wenyewe kwa wenyewe kuwania viti vya gari. Mwezi mzima wa mwanzo mpwa wangu aliachwa dahalia akila nafaka za boksi na maziwa baridi. Dada yangu alipolisikia hilo la maziwa baridi, hakunisemesha siku mbili.

Mwishoni mwa Septemba akapata kiti, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipopotelea.

Siku hiyo sauti ilikuja nikiwa kwa dada yangu, simu iko wazi, jirani wawili wapo. "Mama, leo nimepata themanini na sita. Mwenzangu aliyenitangulia kapata sabini tu, lakini nitajitahidi." Dada yangu alichosikia ni themanini na sita dhidi ya sabini. Vigelegele vilifika hadi njia ya Wawi. Mie moyo ukasita kidogo. Nikatoka, nikauliza huku na huku kwenye simu, nikajua: gofu hesabu yake imepinduliwa. Unahesabiwa mikwaju uliyopiga mpaka kipira kiingie kwenye kishimo cha milimita 108, sawa na mdomo wa kifuu cha nazi, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Uwanja wa kawaida umepangiwa 72. Themanini na sita maana yake kijana alipigwa, akapigika, akazikwa.

Nikarudi mbio kuusema ukweli. Nikakuta sufuria ya shira iko jikoni na visheti vya mwanzo vimeshatoka, na dada yangu, ambaye tangu yale maziwa baridi alikuwa hanitazami usoni, ananyoosha sahani kwangu kwanza kabla ya mtu yeyote. Ukweli na kisheti haviingii mdomo mmoja. Nikala.

Ningeweza kuutoa ukweli kesho yake, kama kijana asingelipigilia msumari mwenyewe. Katika mashindano yao hucheza watano, lakini huhesabiwa wanne walio bora, na wa tano hutupwa. Kwetu hata makonyo hayatupwi, yana kiwanda chake Wawi yakakamuliwa mafuta, lakini huko mtoto wa mtu anatembea siku nzima na alama yake inatiwa jaani. Basi yeye kwa unyonge akamwambia mama yake: "Alama yangu hawakuihesabu." Dada yangu akatoka nayo mlangoni: "Ilikuwa nyingi hata wameshindwa kuihesabu!"

Mie ningefanya nini?

Ikawa kila akicheza tunakula. Oktoba alileta 84, watu wakasema kachoka na safari. Akaleta 88, kukapikwa pilau. Barzani nikapanda daraja. Maalim wa barza yetu akawa ananipisha nikae, na fundi wa Vespa wa hapo ananinunulia kahawa nimweleze namna kijana "anavyokusanya". Nikaeleza. Nilikuwa nimeshafika mbali, kurudi ni kuzama.

Katika vikao hivyo ndipo walipozungumzwa wakubwa waliotangulia kwenda kusoma Marekani kwa miguu yao. Maana hatukuanza sisi. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Texas kule El Paso. Mwaka 1980 Wamarekani wakasusia Olimpiki ya Moscow, yeye akatoka kwao hao hao akenda kuikimbilia Tanzania, akapata medali ya fedha ya mita 5,000. Henry Rono wa Kenya, mwanafunzi wa Washington State, mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Na juzi juzi Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alitoka chuo cha Connecticut akachaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009, huku Stephen Curry akingoja nafasi ya saba. Fundi wa Vespa akasikiliza yote akauliza: "Hao walisafiri na nini? Mmoja miguu, mmoja miguu, mmoja urefu. Nani katika hao alilipa mzigo wa fimbo 14?" Sikuwa na jawabu. Aliyelipa alikuwa mie.

Nilipewa na kitu cha kunung'unikia kisheria. Kijana alinitumia kanuni za NCAA, akidhani zitanifurahisha. Mwanafunzi asitumikishwe mchezoni zaidi ya saa 4 kwa siku wala 20 kwa wiki, na apate siku moja ya mapumziko. Nikafurahi kweli, kwa dakika moja. Kisha nikashuka kwenye maandishi ya chini, maana mizani huibiwa chini. Siku ya mashindano, hata ikiwa ndefu vipi, huandikwa saa 3. Tatu! Na mashindano yao siku ya kwanza mara nyingi ni mashimo 36, mkoba begani, kwa miguu, kuanzia jua linachomoza. Ni kilomita 16 na ushei, zaidi ya nusu ya njia ya Chake kwenda Wete, na kila hatua mia mbili unasimama kuinamia kipira. Mtoto anaingia asubuhi anatoka karibu na magharibi, saa kumi na moja juu ya miguu, na daftari linasema saa 3. Mie ningelimpimia mtu wa Konde kilo 11 nikaandika 3, saa hizi ningekuwa chini ya bahari na gunia langu shingoni.

Na wanaotazama wako wapi? Nilimuuliza hilo kwa nia njema. Akasema walikuwa saba, sita wazazi wa wenzake, na wa saba mbwa. Na hao saba hawaruhusiwi kusema kitu mtu akiwa anapiga, hata kukohoa. Mchezo gani huu? Hapa Pemba tuna mchezo wa ng'ombe, tunaambiwa ulikuja na Wareno. Akitolewa dume uwanjani, ngoma inalia, wanawake wanaimba, watu wazima wako juu ya miti, na ng'ombe mwenyewe anajua kwamba anatazamwa. Lau ungelimwambia mtu wa Pemba anyamaze ili ng'ombe apate utulivu, angekuuliza umekunywa nini.

Theluji ikaanguka, uwanja ukafungwa. Wakahamishiwa ndani, wanapiga vipira kwenye pazia kubwa lenye picha ya uwanja, na kompyuta inakisia kipira kingefika wapi. Siku moja akatuambia amecheza St Andrews. Dada yangu akaja kwangu anahema: "Wamempeleka Uskochi! Koti kavaa?" Nikamwambia hakwenda kokote, ni pazia tu. "Pazia la nani?" Nikamwambia alale.

Fedha ndiyo ilikuwa hadithi ya baridi ile. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Mwenzake mmoja katia picha na muuza magari wa mjini, kalipwa. Mpwa wangu, mwenye sura nzuri kuliko muuza magari na gari zake zote, haruhusiwi, kwa sababu viza ya mwanafunzi mgeni haimwachii kufanya kazi hiyo. Anaweza kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Hebu zitafute hizo saa 20 katika siku niliyokueleza. Kwa hivyo viatu vya gofu alivyopasua Februari vilinunuliwa na mikarafuu ya Pemba, na muuza magari hakutoa hata salamu.

Ikaja Ramadhani, tarehe 12 Machi 2024, katikati ya msimu wao wa machipuko. Alfajiri moja swali likalia kichwani mwangu: mjomba, tunasafiri kwa gari kilomita 600 kwenda mashindanoni, nifunge au nile? Nikalipeleka barzani, na wallahi sijapata kuona barza imeamka vile. Maalim wetu, mtu wa fiqhi ya Shafi, akaweka kikombe chini. Akasema safari ikifika marhala mbili, ambazo ni kilomita 80 na ushei, musafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, kwa sharti safari yenyewe isiwe ya maasi.

"Na gofu si maasi?" akauliza fundi wa Vespa.

"Kwa lipi?"

"Mtu mzima, ana akili zake, anaupiga mpira wake mwenyewe mbali, kisha anaufuata. Akiukuta anaupiga tena. Hakuna anayemfukuza. Siku nzima."

Maalim akafikiri sana. Akasema: "Si maasi. Ni maradhi. Na mgonjwa naye ana ruhusa ya kula."

Nikampelekea kijana fatwa zote mbili. Akafunga, bila ya kutumia hata moja. Kocha akamfuata na chupa ya maji mashimo yote kama mkunga, naye anamkatalia kwa adabu. Jua lilipozama akafungua kwa tende alizozitia kwenye kile kifuko cha vijiti vya kuwekea kipira. Na siku hiyo, mtoto huyo mwenye njaa na kiu akaleta 73.

Pemba nzima ikanyamaza.

"Sabini na tatu?" dada yangu akauliza. "Kutoka themanini na nane?" Hakulia. Alisema tu kwamba alijua, tangu siku ile ya maziwa baridi alijua. Wiki ya pili 74. Akaanza kutafuta mtu wa kumpelekea halua na samaki wa kukaanga. Baada ya Idi ikaja 71, na kijana kwa furaha ya kweli akaongeza: "Mama, sasa alama yangu wanaihesabu!" Dada yangu akaniangalia kwa macho mekundu. "Imekuwa ndogo hata wanaweza kuihesabu."

Mwisho wa Aprili, kwenye mashindano makubwa ya kufungia msimu, akapiga 69. Tatu chini ya kiwango. Hakuna kijana wa timu yake aliyempita siku ile. Alipiga simu ya picha kumwonesha mama yake uso wake, akamwambia, na mama akaangua kilio. Mtoto akadhani ni kilio cha furaha, akalia na yeye. Mie nimeishika simu katikati yao, mkono unatetemeka.

Usiku ule nikaamua, liwalo na liwe. Nikenda barzani, nikaomba chaki ya fundi, nikaandika ukutani 88, nikaandika 69, nikawaeleza kutoka mwanzo: mchache ndiye mshindi. Walinisikiliza kwa upole mkubwa. Maalim akanishika bega. "Wewe una huruma, na mjomba ndiyo kazi yake kuficha aibu ya mwana. Lakini visheti vya themanini na sita si ulikula?"

"Nilikula."

"Na pilau ya themanini na nane?"

"Nayo."

"Sasa wakati ule ulikuwa hujui kuhesabu?"

Nikajaribu kwa njia nyengine. Nikamwambia: Maalim, Nyambui tuliyemsifu hapa, si mkimbiaji mwenye dakika chache ndiye anayeshinda? Akatikisa kichwa. "Hizo ni dakika. Hivi ni vipigo. Umeona bondia ameshinda kwa ngumi chache?" Barza ikacheka kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani, na kesi yangu ikafungwa. Dada yangu naye nilipomweleza alinambia nisimfariji, yeye si mtoto.

Juni kijana akarudi. Akashuka Mkoani mrefu, mabega yamepanuka, mkoba wa fimbo mgongoni, ngozi imekuwa rangi mbili, mkono wa kushoto mweupe kwa ajili ya glavu. Nyumba ikajaa. Watu waliingia mmoja mmoja, wanamshika mkono kwa mikono miwili, sauti ya chini. "Pole mwanetu. Ndiyo mitihani ya dunia." Naye anajibu kwa heshima zake: "Ahsanteni. Safari ndefu kweli." Mwengine akamwambia asikate tamaa, mwanzo wa mwaka alianza vizuri mno. Kijana akanigeukia, mie nikaangalia dari.

Baada ya isha Maalim akanyanyua mikono. Akaomba afya, akaomba elimu, akaomba riziki ya halali. Kisha sauti ikapanda: "Na umnyanyue mwanetu huyu, ya Rabbi, baada ya kuanguka, na mwakani umpe mia!" Watu wakaitika kwa nguvu hata mbuzi wa jirani akalia.

Kijana akanisogelea sikioni. "Mjomba, mia ya nini?"

"Ya uhasibu," nikamwambia. "Itikia."

Akaitika.

Alirudi chuoni Agosti, na dua ile haijasimama hata wiki moja. Inasomwa kwa dada yangu kila usiku wa Ijumaa, kwa kahawa na visheti, na visheti bado ninavila. Jana alfajiri simu imelia: mashindano ya mwanzo ya msimu mpya, upepo ulikuwa mkali, kijana kapiga 81. Maalim anasema milango imeanza kufunguka. Basi wewe msomaji, ukipita Chake Chake usiku wa Ijumaa ukasikia tunamwombea kijana mia, kaa, kunywa kahawa, chukua na kisheti, lakini nakuomba kwa Mungu, usiitikie.